Figa, Mchi na Muo: Zana za Kurithi za Meru na Embu na Majina Yake

Mjini Meru lipo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974 katika jengo ambalo zamani za ukoloni lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Humo zimewekwa zana na vyombo vya jadi vya Wameru, ili vizazi vya sasa vijue jinsi wahenga walivyoishi. Mgeni aliyekwisha kuvitazama akitoka nje, akapanda gari hadi kijiji cho chote cha Imenti au Tigania, au akashuka Tharaka, au akavuka mto Thuci na kuingia Embu, atavikuta vingi vya vitu hivyo hivyo vikiwa kazini. Ataona sufuria juu ya mawe matatu, kinu na mchi kando ya mlango wa jikoni, na mzinga wa gogo uliotundikwa juu ya mgunga. Hakuna aliyeviweka hapo kwa maonyesho. Vipo kwa sababu vinafaa, na mara nyingi kwa sababu mwenye navyo alivirithi kwa mamaye au babaye bila kutoa hata senti moja.

Makala haya hayakusudii kuvisifu vitu hivyo. Yanakusudia kueleza jambo moja la kiisimu: kwamba zana ya kurithi inayoendelea kutumika huweza kuhifadhi neno ambalo msamiati wa jumla umekwisha kulipoteza au kuligeuza maana, na kwamba mtafiti anayeipuuza zana hiyo kwa kuidhania kuwa ni kitu cha kale hupoteza pamoja nayo ushahidi wa udugu wa lugha. Ushahidi huo una uzito wa pekee kwa Kiswahili. Ubantu wa Kiswahili aghalabu hutetewa kwa sarufi yake, yaani kwa ngeli na minyambuliko ya vitenzi, kana kwamba msamiati wake ulikwisha kuelemewa na maneno ya kukopa hata hauwezi tena kujitetea. Msamiati wa jikoni na wa shambani unaonyesha vingine.

Lugha zinazohusika hapa ni za kundi moja. Malcolm Guthrie aliziweka katika fungu la E50: Kigikuyu E51, Kiembu E52, Kimeru E53, Kitharaka E54 na Kikamba E55. Bennett alizichunguza mwaka 1967 kwa jina la Thagicu, naye Möhlig akatoa mwaka 1974 kitabu kizima juu ya lahaja za upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Yafaa ikumbukwe kwamba alama zinazowekwa juu ya ĩ na ũ katika maandishi ya Kigikuyu huonyesha irabu mbili ambazo Kiswahili hakina. Kimeru nacho kina irabu saba, ingawa katika maandishi ya kila siku alama hizo mara nyingi huachwa. Mifano ya Kigikuyu na ya Kikamba imetumiwa kwa wingi katika makala haya pamoja na ile ya Kimeru, kwa kuwa sheria za sauti haziwezi kuonekana katika lugha moja peke yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa mawe ya kupikia.

Katika Kiswahili jiwe mojawapo la yale matatu yanayobeba chungu huitwa figa, na yote pamoja ni mafiga. Si jiwe lo lote. Ni jiwe lenye kazi. Likiondolewa motoni likatupwa uani, laweza kurudi kuitwa jiwe tu. Katika Kigikuyu neno ihiga, na wingi wake mahiga, ni jiwe la namna yo yote, liwe la mtoni, la kujengea au la mekoni. Katika Kikamba ni ivia, mavia. Katika Kimeru ni iiga, maiga. Mtu asiyezoea kulinganisha lugha atasema kwamba figa na iiga hayana uhusiano, maana moja lina f na jingine halina hata konsonanti mahali hapo. Lakini sauti hizi zinafuata sheria. Sauti p ya Kibantu asilia, yaani ile lugha mame inayokisiwa na wataalamu, imekuwa h katika Kigikuyu na v katika Kiembu, na katika Kimeru imetoweka kabisa. Neno la ukoo linatosha kuthibitisha hayo: Wagikuyu husema mũhĩrĩga, watu wa Embu na Mbeere husema muviriga, na Wameru husema mwiriga. Katika Kiswahili p hiyo hiyo ilipofuatwa na irabu i ya juu kabisa iligeuka kuwa f. Ndiyo maana mnyama ambaye Kiswahili humwita fisi katika Kigikuyu ni hiti. Basi figa kwa ihiga ni kama fisi kwa hiti, na iiga ya Kimeru ni ndugu yao wa tumbo moja. Mzizi wake wa asili hukisiwa kuwa *-píga, na maana yake ni jiwe la mekoni.

Hapa ndipo historia ya neno inapokuwa na mafunzo. Kwa mujibu wa maana hiyo ya asili, Kiswahili, lugha ya miji ya pwani na ya biashara ya bahari, ndicho kilichoshika maana ya jikoni. Lugha za mlimani zikaipanua hata ikawa jiwe lo lote. Mtu angetazamia kinyume. Imezoeleka kudhani kwamba lugha ya pwani ndiyo iliyobadilika na ya bara ndiyo iliyohifadhi, lakini katika neno hili mhifadhi ni Kiswahili, naye amehifadhi kwa sababu mwanamke wa pwani aliendelea kupikia mawe matatu na akahitaji jina la kuyatenga na mawe mengine.

Sasa na itazamwe hasara inayotokea mtafiti asipoijua habari hiyo. Orodha ya maneno 100 aliyoitunga Morris Swadesh katika miaka ya 1950 imetumiwa mno katika kupima ukaribu wa lugha. Orodha hiyo ina jiwe, moto, moshi na majivu. Haina figa. Mtafiti akiulizia jiwe, Mswahili atamjibu jiwe, Mmeru atamjibu iiga, naye ataandika alama ya kutolingana. Kwa hesabu yake lugha hizi mbili hazina neno moja la jiwe, na hilo ni kweli. Lakini akiongeza kwamba hazina neno la pamoja hapo, atakuwa amekosa, kwa sababu neno la pamoja limo jikoni, limekaliwa na sufuria. Alama moja ya kutolingana si kitu. Alama kumi za namna hiyo katika orodha ya maneno 100 zaweza kubadili mchoro mzima wa nasaba. Orodha ya Swadesh ilikusudiwa ikwepe maneno ya utamaduni, kwa hofu kwamba hayo hukopwa kwa urahisi. Hofu hiyo ina msingi, na jembe litaonyesha hivyo hapa chini. Ila tahadhari hiyo imezoeza watafiti kuona kwamba kila jina la chombo ni neno la kutiliwa shaka.

Si kwamba mafiga yenyewe hayana ila. Moshi wake huumiza macho na kifua, na moto wake hula kuni nyingi kwa kuwa joto hutoka kila upande. Hata hivyo sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za nchi hupikia kuni, na mashambani mawe matatu ndiyo meko ya kawaida. Mawe hayo hayanunuliwi, huweza kusogezwa ili yabebe sufuria kubwa ya arusi au ndogo ya uji, na hayavunjiki yakianguka. Jiko la udongo lililoboreshwa, ambalo lilianza kuenezwa nchini Kenya katika miaka ya 1980, halikuweza kuyaondoa yote. Katika nyumba nyingi limewekwa kando yake.

Neno jiko nalo lina safari yake. Katika Kigikuyu ni riko, katika Kikamba ni iko, na asili yao ni moja. Lakini jiko halikubaki mawe na moto. Limekuwa chumba, limekuwa chombo cha mabati cha kutilia makaa, limekuwa jiko la gesi na la umeme, na katika mazungumzo ya watu wazima limekuwa mke, maana aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko. Wingi wake wa kale, meko, umepata makao mapya ya ajabu: katika Kiswahili cha Kenya siku hizi meko ni ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 uliofungwa kichomeo juu yake. Husikika watu wakisema meko hii, kana kwamba neno limehama ngeli likafuata mtungi. Mwanaisimu mwenye hasira za usanifu ataliita kosa. Anayechunguza atatambua kwamba wenye duka walipotafuta jina la chombo kipya walirudi kuchukua jina la mawe matatu, tena katika umbo ambalo vijana wengi hawajui kuwa ni wingi wa jiko. Figa lenyewe halikupanda cheo namna hiyo, isipokuwa Tanzania, ambako wanasiasa wamelitumia neno mafiga matatu kwa maana ya rais, mbunge na diwani wa chama kimoja.

Kinu na mchi vinatoa somo la namna nyingine, maana ni zana moja yenye vipande viwili, na kila kipande kina historia yake. Mchi wa Kiswahili katika Kigikuyu na Kikamba ni mũthĩ. Mlingano wa ch na th si wa bahati. Kiswahili husema cheka, nacho Kimeru, Kigikuyu na Kikamba vyote vina theka. Shoka la Kiswahili lina sh, nalo katika Kikamba ni ithoka, na hapo napo th ipo mahali pake. Basi mchi ni urithi. Lakini kinu katika Kigikuyu ni ndĩrĩ, na hakuna sheria ya sauti inayoweza kuleta ndĩrĩ na kinu mahali pamoja. Mwanamke anayetwanga anashika kwa mikono yake neno la urithi, na mbele yake limesimama neno lenye asili nyingine. Kwa sababu hiyo haifai kusema kwamba zana fulani imerithiwa pamoja na jina lake mpaka kila sehemu ya zana hiyo imeulizwa jina.

Inafikiriwa mara nyingi kwamba mashine ya kusaga ilikiondoa kinu. Katika Meru na Embu, na hasa katika sehemu kavu za Tharaka na Mbeere, jambo hilo ni kweli nusu tu. Mashine ilichukua kazi ya jiwe la kusagia, yaani kazi ya kutoa unga. Kinu kilibakia na kazi yake, kwa sababu muthokoi si unga: ni mahindi yaliyotiwa maji kidogo na kutwangwa hadi ganda la nje litoke na punje ibaki karibu nzima, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe au mbaazi. Neno muthokoi lenyewe limeingia katika Kiswahili cha Kenya kutoka Kikamba, nalo limeingia kwa sababu chakula hicho kingali kinatwangwa. Mashine nayo imepewa jina la kisiagi, kutokana na siaga, umbo jingine la saga. Hilo ni jina jipya lililoundwa kwa kitenzi cha zamani, na limeundwa vizuri kuliko mengi yaliyotungwa na kamati.

Kinu nacho hakikubaki kijijini. Magazeti ya Kiswahili yanapoandika habari za nguvu za atomu husema kinu cha nyuklia, na hakuna msomaji anayecheka wala kushangaa. Mambo haya mawili hutendeka kwa wakati mmoja: neno kinu linasimama katika habari za kimataifa, na kinu chenyewe kinasimama mlangoni huko Mbeere. Kamusi itakayosema kwamba kinu ni chombo kilichotumiwa zamani kutwangia nafaka itakuwa imekosa mara mbili.

Jembe ndilo linalofunza hadhari. Hakuna chombo kinachotumiwa zaidi katika mashamba ya miinuko ya Meru na Embu, ambako viwanja ni vidogo na miteremko ni mikali hata plau ya ng'ombe haigeuki kwa urahisi. Jembe hurithiwa kwa vipande. Mpini ukivunjika huchongwa mwingine. Bamba huliwa na udongo mwaka hata mwaka mpaka likabaki kipande kifupi cha kupalilia maharagwe. Naye mwenye nalo husema bado kwamba ni jembe la mama yake. Neno lake, hata hivyo, si la urithi. Icembe ya Kigikuyu na Kimeru inaonyesha kwa umbo lake kwamba imepokewa kutoka Kiswahili, nalo limepokewa pamoja na jembe la chuma la madukani. Hapa chombo ambacho leo hudhaniwa kuwa cha mababu kimebeba jina la mgeni.

Chombo kilichotangulia jembe kingalipo. Ni kijiti kigumu kilichochongwa ncha, kwa Kigikuyu mũro, kwa Kikamba mũo. Msomaji wa Kiswahili anaweza kupita maneno haya bila kushtuka, mpaka akumbuke kwamba kamusi za Kiswahili zina neno muo, wingi mio, kwa maana ile ile ya mti wenye ncha wa kuchimbia. Sauti zinakwenda sawasawa na zile za mvua: Kigikuyu mbura, Kikamba mbua, Kiswahili mvua. Mahali ambapo Kigikuyu kina r kati ya irabu, Kikamba hakina kitu, na Kiswahili nacho katika maneno mengi kimeidondosha sauti hiyo. Basi mũro, mũo na muo ni neno moja lililorithiwa na wote watatu. Mtu akiwauliza wanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu maana ya muo, wachache watajua. Wengi watasema mtaimbo, nao mtaimbo ni wa chuma. Lakini wengine katika hao hao wametoka katika nyumba ambazo kijiti hicho kimeegemezwa ukutani, kwa kuwa hakuna kinachofaa kuliko hicho katika kuchimbua kiazi kikuu. Bamba la chuma hukata kiazi. Ncha ya mti hukizunguka. Hivyo wana chombo, wana jina lake la nyumbani, na wana neno la Kiswahili limelala katika kamusi, lakini hapana aliyewakutanisha na ndugu hao watatu.

Dharau ya zana za namna hii ina historia ndefu. Mwaka 1910 Bwana na Bibi Routledge walichapisha kitabu chao kikubwa juu ya Wagikuyu, na katika jina la kitabu hicho wakawaita watu wa kabla ya historia. Ajabu ni kwamba kitabu hicho hicho kinaeleza kwa kirefu jinsi watu hao walivyoyeyusha chuma na kukifua. Mhunzi, ambaye Wagikuyu humwita mũturi, hajatoweka katika nchi ya mlima. Siku hizi hayeyushi mchanga wa chuma. Huchukua springi ya gari bovu akaitia motoni na kuifua iwe panga au kisu. Chuma chenyewe kimekuwa cha kurithi, maana kimeshatumika maisha mengine barabarani kabla ya kufika kwake.

Mzinga wa nyuki umeachwa mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu unagusa jambo linaloleta madhara kwa watu na si kwa kamusi peke yake. Katika lugha zote za kundi hili mzinga wa gogo huitwa mwatu, kwa Kigikuyu mwatũ. Nyuki wenyewe ni njũkĩ, mzizi ule ule wa nyuki wa Kiswahili, na asali ya Kigikuyu, ũũkĩ, imetoka katika mzizi huo pia. Kiswahili kilimshika nyuki lakini kikapokea asali kutoka Kiarabu. Mdudu alibaki wa kwetu na bidhaa yake ikachukua jina la sokoni. Kuhusu mwatu mtu anaweza kushawishika kuufananisha na eryato ya Kiganda, yaani mtumbwi, maana vyote viwili ni magogo yaliyotobolewa. Fikira hiyo inapendeza, lakini irabu ya mwisho inaikataa. Penye ũ katika Kigikuyu Kiganda huwa na u, kama vile mũndũ na omuntu. O haifai hapo. Sheria za milingano zilizowekwa na Bleek katika miaka ya 1860 na Meinhof mwaka 1899 ni zana za kurithi nazo, na kazi yake mojawapo ni kumzuia mtu asikate mahali pasipofaa.

Mzinga wa Kiswahili una mzizi wa zinga, yaani kuzunguka, mzizi ambao umezaa pia mzingo na mazingira. Umbo lake la gogo lenye uwazi ndani likaipa silaha jina, na hata leo kiongozi wa nchi akizuru nchi nyingine husemwa kuwa amepigiwa mizinga 21. Mlevi wa Nairobi naye huagiza mzinga, nao ni chupa kubwa. Kwa jinsi hii neno mzinga limekuwa na shughuli nyingi hata mzinga wenyewe, ule wa nyuki, umelazimika kuongezewa maelezo.

Maelezo hayo ndiyo yenye kasoro. Tangu mwaka 1971, katika mradi uliosaidiwa na Kanada na kushirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, ulibuniwa mzinga wa mbao wenye viunzi vya juu, nao ukajulikana ulimwenguni kwa jina la mzinga wa Kenya. Una faida za kweli. Hauhitaji mtu kupanda mti mrefu usiku, na sega moja laweza kutolewa bila kuharibu lenye watoto wa nyuki. Kutokana nao ukaanza mgawanyo wa maneno: mizinga ya kisasa upande mmoja, na upande wa pili mizinga ya kienyeji, au ya zamani. Neno zamani hapa si la kweli. Katika Tharaka na Mbeere mwatu ungali unachongwa. Haukuachwa kutoka zamani. Hutundikwa juu kwa kuwa nyegere ni hodari wa kuvunja kilicho chini, unene wa gogo huwakinga nyuki na joto la jua la tambarare, na hauhitaji msumari wala mbao za kununua. Asali yake huingia katika mazungumzo ya mahari, ambayo hayawezi kungoja mradi. Gogo hurithiwa na watoto wa kiume, na jirani zao Wakamba walikuwa na alama za umiliki zilizochorwa juu ya mizinga, kama alivyoandika Lindblom mwaka 1920. Ofisa anayehesabu mizinga ya kisasa pekee, akaandika kwamba kijiji hakina ufugaji wa nyuki wa maana, ameongozwa na kivumishi. Naye mfugaji aliyeambiwa miaka mingi kwamba chombo chake ni cha zamani huacha kuwatajia watoto wake majina ya sehemu zake hata kama anaendelea kukitumia.

Inafaa kutaja, kwa kupitia tu, kwamba neno kienyeji limeanza kujikomboa. Kuku wa kienyeji huuzwa Kenya kwa bei kubwa kuliko kuku wa kisasa, na mboga za kienyeji zimeingia katika orodha za vyakula vya mahoteli. Hakuna aliyeagiza mabadiliko hayo. Yametokana na walaji. Mzinga haujafikia hapo bado.

Kwa watungaji wa kamusi na kwa wanaotuma wanafunzi nyanjani, matokeo ya haya yote ni ya kazi zaidi kuliko ya nadharia. Alama ya kwamba neno ni la kale haina budi kutolewa kwa kuangalia matumizi ya wasemaji, si kwa kuangalia kama kitu chenyewe kimeonekana katika jumba la makumbusho. Muo wastahili alama hiyo katika Kiswahili cha mijini, lakini mũro haustahili katika Kigikuyu. Aidha, orodha ya maneno isomwayo mbele ya mzee aliyeketi kitini huleta majina ya jumla tu. Majina ya sehemu, ya namna na ya kasoro, kama vile jina la jembe lililoliwa mpaka karibu na msuka, au la mchi uliopasuka kichwa, hayaji mpaka kazi yenyewe ifanywe na mtafiti apewe upande wa kushika. Tena swali linaloulizwa mbele ya jiwe lililo uani si sawa na lile linaloulizwa mbele ya jiwe hilo hilo likiwa chini ya sufuria. Katika nchi ya Meru jibu litakuwa iiga mara zote mbili. Lakini jirani wa pwani akiwapo atajibu jiwe mara ya kwanza na figa mara ya pili, na mlingano utaonekana hapo hapo.

Shuleni hali ni hiyo hiyo. Mtoto wa Igembe anapoandika insha ya Kiswahili kuhusu jikoni kwao huandika mawe matatu ya kupikia, kwa kuwa ndivyo Kimeru kinavyosema. Mwalimu huyakata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake mafiga. Mtoto hulinakili neno hilo kama neno geni la watu wa pwani, kisha hurudi nyumbani jioni na kuambiwa na mamaye asogeze moja la yale maiga, maana sufuria imeinama.